Pikipiki kuukuu: ubadilishe gia wakati gani ili ichanganye haraka?

Dereva wa bodaboda anayetoka Tinde kwenda Kahama kupitia Isaka anaijua hali hii: mbele kuna lori la mizigo linalokwenda Rwanda au Burundi, nyuma basi linapiga honi, na pikipiki yenyewe imeshakula miaka. Akiamua kulipita lori, muda atakaokaa upande wa kulia wa barabara unategemea sana gia aliyoingiza.

Mazoea ya vijiweni ni kupanda gia mapema. Pikipiki haijafika hata kilomita 30 kwa saa, tayari ipo gia ya nne. Kwa safari ya kawaida si vibaya, mafuta yanabanwa na injini haipigi kelele. Kwa kuchanganya mwendo, hapo umejipunguzia nguvu mwenyewe.

Gia ndogo huzidisha mvuto wa injini kabla haujafika kwenye tairi, gia kubwa huuzidisha kidogo tu. Chukua Boxer BM 150. Bajaj waliiandikia mvuto wa juu kabisa kwenye mizunguko 5,000 ya injini kwa dakika, na nguvu ya juu, farasi 12, kwenye mizunguko 7,500. Wengi hubadilisha kwenye ile 5,000, pale injini inapoonekana kuvuta vizuri. Tuseme gia inayofuata inashusha mizunguko kwa robo: utaangukia 3,750, na tairi litapata msukumo mdogo kuliko ule uliouacha. Ukivumilia mpaka upite kidogo 7,500, utaangukia karibu 6,000, ambako injini bado ina mvuto mzuri. Kwa hiyo jibu fupi ni hili: panda gia baada ya injini kupita kilele cha nguvu yake, pale gia uliyonayo na ile inayofuata zinapokaribia kusukuma sawa.

Hayo ni ya injini mpya. Ukanda wetu wa Shinyanga na Geita uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini ya kabureta inapoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu yake kabla hata hujahesabu uchakavu. Ongeza ringi za pistoni zilizolika, springi za valvu zilizolegea na chujio la hewa lililojaa vumbi la Katoro, na kile kilele kinashuka. Pikipiki nyingi za Kichina zimeiga injini ya Honda CG125 iliyotoka mwaka 1976, ambayo valvu zake husukumwa na vijiti virefu. Ni injini ngumu kufa, lakini haipendi kukamuliwa mpaka mwisho.

Kwa kuwa nyingi hazina mshale wa kuonyesha mizunguko, tumia sikio na mgongo. Mlio ukiendelea kupanda huku mwili hausikii tena kusukumwa nyuma, umechelewa kidogo. Rudi hatua moja kabla ya hapo. Mlio ukianza kukatikakatika, valvu hazifungi kwa wakati, na kila sekunde unayoendelea unaumiza injini. Ila mlio ukiruka ghafla ukiwa gia kubwa na mwendo usiongezeke, hiyo ni klachi inateleza. Badilisha pleti zake kwanza, maana hakuna ufundi wa gia utakaokusaidia.

Njia ya kupima ni rahisi: kipande kilichonyooka kisicho na magari wala watu, alama mbili zenye umbali wa mita 200, na mwenzako mwenye saa ya simu. Jaribu kupanda gia kwenye mlio wa chini, wa kati na wa juu, kila mmoja mara tatu, kuelekea upande uleule. Ukibadilisha meno ya nyuma ya cheni ili kubeba mzigo, pima upya.

Sasa rudi kwenye lori. Lina urefu wa mita 18 na linakwenda 50. Ukilipita kwa 70, ukianza mita 15 nyuma yake na kurudi mita 15 mbele yake, utatumia sekunde kama 9. Gari linalokuja kwa 80 litakuwa limesogea mita 200, hivyo unahitaji barabara tupu ya karibu mita 400. Ukikwama kwenye 60 kwa sababu uliingia na gia ya nne, sekunde zinakuwa 18 na umbali unafika mita 700. Shusha gia ukiwa bado nyuma ya lori, acha injini ishike, ndipo utoke. Usibadilishe ukiwa sambamba nalo kama unaweza kuepuka, maana kila mara unapobana klachi hakuna kinachokusukuma.

Kama umepakia mishikaki, au kiroba cha mawe ya dhahabu unakipeleka krasha, hesabu ya mita 400 haikuhusu. Baki nyuma ya lori.