Kuna Uhuru Ingine Hatukuambiwa

Ukitaja Uhuru hapa Eastlands, kila mtu ana yake. Kuna mtaa wa Uhuru, hapo karibu na Jericho na Buru. Kuna Uhuru Park, kuna barabara ya Uhuru, na kuna Uhuru mwenyewe, rais wa nne. Mimi nimekua nikijua hizo tu. Shuleni tulikariri 12 Desemba 1963 mpaka ikaingia kwa damu. Lakini 12 Desemba 1970? Hakuna mtu aliniambia kitu.

Siku hiyo, Kenya ikifikisha miaka saba ya kujitawala, roketi iliruka kutoka jukwaa la chuma lililosimama baharini Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Jukwaa hilo, San Marco, lilikuwa la Waitaliano. Roketi na setilaiti zilikuwa za Wamarekani. Marjorie Townsend, mama aliyesimamia mradi huo kule NASA, akaipa setilaiti hiyo jina la Kiswahili: Uhuru. Ilikuwa heshima kwa sikukuu yetu na kwa ukarimu wa Wakenya.

Na hawakuja Malindi kuogelea. Hapa kwenye ikweta ardhi inazunguka kwa kasi ya karibu kilomita 1,670 kwa saa, so roketi ikielekea mashariki inapata lifti ya bure. Pia setilaiti ikizunguka juu ya ikweta inakwepa mionzi mingi ambayo ingeharibu vipimo vyake. Sehemu yetu ilikuwa bora kabisa kwa hiyo kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa kutafuta eksirei zinazotoka angani. Zile za hospitali unazijua. Nyota zingine pia hutoa, lakini hewa huzizuia zisifike chini, kwa hivyo lazima utoke nje ya hewa ndio uzione. Mwanafizikia aliyeongoza sayansi hiyo anaitwa Riccardo Giacconi, aliyezaliwa Genoa, Italia, 1931, kisha akahamia Marekani. Mwaka 1962 timu yake ilirusha roketi ndogo iliyokaa juu dakika chache tu, na ikanasa eksirei kutoka upande wa kundi la nyota la Nge. Uhuru haikukaa dakika. Ilifanya kazi mpaka Machi 1973, na ikatuachia orodha ya vyanzo 339 vya eksirei. Kimoja chake, Cygnus X-1, kilikuwa kinapepesuka haraka sana kiasi kwamba wanasayansi walianza kukichunguza vikali, na kikawa ushahidi wa kwanza wa nguvu kwamba mashimo meusi yapo kweli. Ile kitu unaona kwa sinema, dalili zake zilionwa na chombo kilichotoka pwani yetu.

Giacconi alipata Nobel ya Fizikia 2002. Lakini si Nobel inayonifanya niandike hii. Ni kile alichofanya katikati. Mwaka 1981 alikubali kazi ya ofisi: mkurugenzi wa kwanza wa taasisi inayoendesha sayansi ya darubini ya Hubble, Baltimore. Hubble ikarushwa 1990, na picha zikatoka na ukungu. Kioo kilikuwa kimesuguliwa vibaya. Pesa ya umma, aibu ya dunia nzima. Yeye akaita jopo la wataalamu watafute dawa, na Desemba 1993 wanaanga wakaenda kuirekebisha Hubble huko huko juu. Wakati huo yeye alishahamia kuongoza shirika la Ulaya lililokuwa linajenga darubini kubwa kule Chile. Darubini ingine ya eksirei, Chandra, yeye na wenzake waliipendekeza 1976. Ilirushwa 1999. Hesabu hiyo: miaka 23 ya kusukuma makaratasi, bajeti na mikutano. Alifariki Desemba 2018.

Sasa rudi kwetu. Setilaiti tisa ziliruka kutoka San Marco kati ya 1967 na 1988, kisha kukanyamaza. Aprili 2023 Kenya ikarusha Taifa-1, setilaiti yetu ya kwanza ya kuangalia ardhi. Tulishangilia, na tulikuwa na haki. Lakini ilirukia California. Umeona hiyo? Mwaka 1970 chombo cha Marekani kilikuja kuruka kwetu, na 2023 chetu kikaenda kuruka kwao.

Ni rahisi kusema Wazungu walitutumia wakaenda. Kuna ukweli hapo: tulitoa bahari, jina na ukarimu. Lakini mimi naona kuna deni letu pia. Shirika letu la anga limeanzishwa 2017, karibu miaka hamsini baada ya roketi ya kwanza pale Ngomeni. Tunapenda siku ya roketi kuruka. Ile miaka 23 ya makaratasi hakuna mtu anaitaka, na hiyo ndiyo inajenga.

Mimi niliacha Fizikia nikiingia kidato cha tatu. Niliambiwa haina kazi, nikaamini. Kama mtu angeniambia kuna Uhuru iliyoruka kutoka Kilifi ikasaidia kufichua shimo jeusi, pengine ningeuliza maswali kabla ya kukubali.

Wewe uko bado darasani hapo Kayole, Makadara ama Dandora, usiambiwe anga ni ya watu wengine. Data za Hubble ziko wazi, mtu yeyote mwenye bando anaweza kuzifungua. Na sisi tulio nje ya darasa, tuulize serikali swali moja bila kuchoka: Ngomeni itaamka lini, na nani analipwa kuhakikisha inaamka?