Marx na Bakunin: Chama Kimoja, Njia Mbili

Wasikilizaji wetu, na ninyi mnaolisoma somo hili baada ya kulisikia, leo twaeleza habari za watu waliotaka jambo moja, wakagombana juu ya njia ya kulipata.

Tarehe 28 Septemba 1864, wafanyakazi wa Uingereza na Ufaransa, pamoja na wageni wa nchi nyingine, walikutana London wakaunda Jumuiya ya Kimataifa ya Wafanyakazi. Haja yake ilikuwa wazi. Siku zile watu walipogoma, matajiri waliweza kuwaita wageni kutoka ng'ambo washike kazi ile kwa ujira mdogo. Basi ilikuwa lazima wafanyakazi wa nchi mbalimbali wajuane. Mwaka 1867 mafundi wa shaba nyeusi wa Paris waligombana na matajiri wao kwa sababu ya chama chao. Wakatuma wajumbe London, vyama vya huko vikawasaidia kwa fedha, na matajiri wakalegea. Hiyo ndiyo faida ya umoja.

Katika Jumuiya hiyo Karl Marx, Mjerumani aliyekaa London, ndiye aliyeandika kanuni. Mikhail Bakunin, Mrusi aliyefungwa miaka mingi na Tsar, kisha akatoroka Siberia mwaka 1861, aliingia mwaka 1868. Bakunin alikiheshimu kitabu kikubwa cha Marx juu ya rasilimali, hata akaanza kukifasiri kwa Kirusi, ingawa hakukimaliza. Wote wawili walitaka ardhi na viwanda vitoke mikononi mwa wachache.

Je, waligombania nini? Waligombania serikali. Marx alisema kwamba wafanyakazi wakishinda hawana budi kushika mamlaka, la sivyo mabwana wa zamani watarudi. Bakunin na wafuasi wake, ambao twawaita waanakisti, yaani wapingao kila serikali, walijibu kwamba mfanyakazi akikikalia kiti cha mtawala si mfanyakazi tena. Atawatazama wenziwe kutoka juu.

Tarehe 18 Machi 1871 watu wa Paris waliushika mji wao, kisha wakachagua baraza. Ndani yake walikuwamo wanachama wa Jumuiya, kama Eugène Varlin, fundi wa kujalidi vitabu. Watu wa mawazo mbalimbali walifanya kazi pamoja huku wamezingirwa. Baada ya siku 72 jeshi la serikali iliyokaa Versailles liliuteka mji na kuua maelfu. Varlin alipigwa risasi tarehe 28 Mei. Marx aliwasifu watu wa Paris, na Bakunin vilevile. Lakini mmoja aliona pale serikali ya wafanyakazi. Mwingine aliona serikali imevunjwa.

Ugomvi ukazidi. Mafundi saa wa milima ya Jura, huko Uswisi, walilalamika kwamba Baraza Kuu la London lataka kuwatawala. Upande wa Marx nao ulisema Bakunin ana kundi la siri ndani ya Jumuiya. Kila upande ulikuwa na ukweli wake. Baraza lilikuwa limeongezewa nguvu katika mkutano wa Basel mwaka 1869, na Bakunin mwenyewe alikubali. Naye kweli alipenda makundi ya siri. Septemba 1872, katika mkutano wa The Hague, Uholanzi, Bakunin alifukuzwa, na Baraza Kuu likahamishiwa New York. Siku chache baadaye wenziwe walikutana Saint-Imier, Uswisi, wakaunda jumuiya yao. Ile ya New York ikavunjwa mwaka 1876, mwaka aliokufa Bakunin.

Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Mwezi Mei 1937, katika mji wa Barcelona, waanakisti na wakomunisti walipigana risasi mitaani, na jeshi la Franco li mbele yao wote. Franco akashinda mwaka 1939.

Lakini msidhani swali lenyewe lilikuwa la bure. Wasio na mamlaka huonewa, na wenye mamlaka huonea. Fedha za London ziliwafikia mafundi wa Paris bila mtu kuuliza nani ana jibu la swali hilo.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi chenu: Je, chama chaweza kuwa na nguvu bila viongozi wenye nguvu? Na katika ushirika wenu, kiongozi akikosea, mwanachama afanye nini?