Mgeni, Jembe na Gitaa: Mapokezi ya Wapiga Nyuzi katika Nyanda za Juu za Kigoma

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii hutajwa mara nyingi kwa kejeli, kana kwamba mwenyeji amechoka kukarimu na sasa anamfukuza mgeni wake kwa njia ya adabu. Lakini ina maana ya pili iliyo nzito zaidi. Anayeketishwa kwenye mkeka, akasifiwa na kulishwa, bado ni mgeni. Anayekabidhiwa jembe amekwisha kuwa mtu wa mji ule, maana shamba halipewi mtu wa kupita. Wanamuziki wanaielewa maana hii ya pili kuliko watu wengi. Katika jumuiya yao neno karibu halitamkwi kwa kinywa peke yake. Hutimia pale mgeni anapoambiwa ashike chombo na kuingia katika wimbo ambao wenzake wamekwisha kuuanza.

Katika vyombo vyote vya nyuzi, hakuna kinachopima ukarimu wa jumuiya ya wanamuziki kama lile gitaa la chuma lililozaliwa visiwa vya Hawaii mwishoni mwa karne ya 19. Habari zake humtaja kijana Joseph Kekuku wa kisiwa cha Oahu, aliyelilaza gitaa mapajani na kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, badala ya kuzibana kwa vidole. Sauti iliyotoka haikupanda ngazi kwa vidato. Ilipanda kama pumzi, ikanyooka, ikalegea, ikalia. Kwa hiyo mpigaji wake anapofika katika kundi la wapiga magitaa ya kawaida huwa mgeni mara mbili: hashiki chombo kama wenzake, wala hapiti njia zao. Hata hivyo ni vyema kukumbuka kwamba gitaa la kwanza la umeme lililouzwa madukani, lile lililotoka California mwaka 1932, lilikuwa gitaa hili la kulazwa. Magitaa ya umeme yaliyokuja kutikisa kumbi za Kinshasa, Nairobi na Dar es Salaam yalifuata njia ambayo huyo mgeni aliitangulia.

Msomaji wa Pwani hatashangazwa na chombo cha kulazwa, kwa kuwa amekizoea katika kanuni. Ndugu wa Ikhwani Safaa walipoanzisha chama chao Unguja mwaka 1905, walikuwa wakipokea chombo kigeni kutoka Misri na kukipa kazi katika maneno ya Kiswahili. Kanuni iliketi mapajani mwa mpigaji wake, ikapewa jembe, na leo nani angeiita mgeni? Upande wa pili wa nchi, katika milima inayopakana na Burundi, liko zeze, na ng'ambo tu ya mpaka iko inanga: ubao uliochongwa mfano wa chano kirefu, ukazungushiwa mara kadhaa ugwe mmoja wa mshipa wa ng'ombe, ukalazwa mbele ya mpigaji anayeimba kwa sauti ya kunong'ona. Hivyo, kutoka bahari ya Hindi hadi maziwa makuu, wazo la kulaza nyuzi na kuzisemesha si geni. Kilicho kigeni ni kile kipande cha chuma tu.

Nacho pia kilikwisha kusikika kabla ya kuonekana. Santuri za Mmarekani Jimmie Rodgers, ambazo nyingi zina gitaa la Hawaii, zilifika katika nyumba za Wakipsigis wa Kenya. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipopita huko akiwa na mtambo wake wa kunasa sauti, alikuta wasichana wakiimba juu ya Chemirocha. Jina la mwimbaji yule lilikuwa limekwisha kugeuzwa kwa ulimi wa wenyeji, naye amekuwa kiumbe nusu mtu, nusu paa. Wapo wanaokicheka kisa hiki kama ujinga wa watu wa zamani. Kwa hakika ni mfano wa mapokezi yaliyokamilika: sauti ngeni ilipewa jina la nyumbani, ikapewa umbo, ikatungiwa wimbo. Hawakuiga walichosikia. Walikipa nafasi.

Nyanda za juu za Kigoma, yaani Kasulu na Kibondo, zina historia ndefu ya kupokea na kupokelewa. Ndiyo nchi ya Buha, iliyokuwa na tawala zake za Heru, Muhambwe na Buyungu, yenye ng'ombe, vilima vya kijani na mvua ya kutosha. Reli ya kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, njia ya kwenda Pwani ilifupika. Waha wakawa miongoni mwa watu waliosafiri kwa wingi kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga, na tangu mwaka 1944 chombo cha wenye mashamba kilichoitwa SILABU kilikuwa kikiwaandikisha watu wa nyanda hizo na kuwasafirisha. Waliitwa manamba, jina lisilo la heshima, kwa sababu kila mmoja alihesabiwa kwa namba. Basi Mpwani anayeona Kasulu ni mbali na akumbuke kwamba Kasulu ilikwisha kuja mlangoni pake, ikavuna mkonge wake, na kwamba si kila mara ilipokewa kwa jina.

Tanga hiyohiyo ndiyo iliyolipokea gitaa la umeme katika taarabu. Vyama vya Black Star na Lucky Star viliingiza gitaa na besi mahali palipokuwa pa udi na fidla, na wapenzi wa ushairi wakakubali kuwa beti hazikuharibika. Bara nako gitaa lilikuwa likiingia kwa mlango wa Ziwa Tanganyika. Upande wa Kongo, Mwenda Jean Bosco wa Katanga alikuwa amekwisha kuonyesha jinsi kidole gumba na cha shahada vinavyoweza kufanya gitaa moja lisikike kama mawili, na mwaka 1953 Mbelgiji Bill Alexandre alikuwa amefika Kinshasa, wakati ule Leopoldville, na gitaa la umeme. Miaka iliyofuata wapiga gitaa wa Kikongo walivuka mipaka mmojammoja na bendi kwa bendi. Orchestra Maquis Original ilihamia Dar es Salaam ikatambulika kwa mtindo wa Kamanyola. Ndala Kasheba, aliyefariki mwaka 2004, aliacha sifa ya gitaa lake la nyuzi 12.

Kisa cha Remmy Ongala kinatosha kueleza mapokezi hayo yalivyokuwa. Alizaliwa Kindu, mashariki ya Kongo, mwaka 1947, akafika Dar es Salaam mwaka 1978 kwa mwito wa mjomba wake, Mzee Makassy, aliyekuwa na bendi yake. Miaka michache baadaye Orchestra Makassy ilihamia Nairobi, lakini Remmy hakufuatana nayo. Alijiunga na Matimila, akawa sauti ya walala hoi wa mji ule hadi alipofariki Desemba 2010, na kituo cha daladala cha Sinza kikaitwa kwa jina lake. Mwenyeji aliondoka, mgeni akabaki na shamba.

Bendi za dansi zilikuwa na desturi zake za kumpa mtu jembe. Kila bendi ilikuwa na mtindo, nao haukuwa jina la kupamba bango tu. Ulikuwa sheria ya nyumba. Mgeni hakukabidhiwa gitaa la solo siku ya kwanza. Alianza kwa kuketi na kusikiliza, kisha akapewa gitaa la ridhimu, apige mzunguko uleule bila kuupamba, mpaka ngoma na besi zimzoee. Baadaye aliingizwa katika gitaa la pili, linalojibizana na solo kama mwitikiaji anavyomjibu mghani. Mwisho, wimbo ulipofika kwenye chemko, kiongozi alimgeukia akampa nafasi. Huo ndio uliokuwa mtihani wake, na ndiyo ilikuwa karibu yake. Hata mpigaji wa gitaa la kulazwa angepita njia hiyo. Swali ambalo angeulizwa si kwamba chombo chake kinatoka wapi, bali kama anajua kunyamaza pale mwimbaji anapoanza.

Ndipo ilipokuja miaka ya 1990. Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, Warundi kwa maelfu walivuka mpaka kuingia Kibondo na Kasulu. Mwaka 1996, vita vilipowaka Kivu, Wakongo walivuka ziwa, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa katika wilaya ya Kasulu kwa ajili yao. Kibondo ilipata Kanembwa, Nduta, Mtendeli, Karago na Mkugwa. Majina ya vijiji na misitu yakawa majina ya miji ya maturubai na udongo. Wimbi la pili lilikuja mwaka 2015, Burundi ilipochafuka tena: Nduta ikafunguliwa upya mwaka huo, na Mtendeli mwaka 2016, kabla ya kufungwa mwisho wa mwaka 2021.

Mtu anayekimbia usiku hachukui spika. Huchukua mtoto, sufuria na nguo aliyovaa. Lakini mkono haukisahau chombo chake, na kambini nyuzi zilirudi: waya wa breki ya baiskeli, ubao wa sanduku, kopo la bati. Kwaya za makanisa zikapata magitaa, Warundi wakachonga ngoma zao. Rumba ya Kikongo ikasikika vilimani mwa Buha, katika nchi ambayo salamu yake ya asubuhi ni mwakeye, neno ambalo Mrundi hulielewa bila mkalimani. Hapo ndipo mapokezi yalipogeuka sura, kwa kuwa mpokezi mwenyewe alikuwa mgeni. Aliyefika jana alimpokea aliyefika leo, naye hakuwa na cha kumpa ila nafasi katika wimbo.

Sheria nayo ilikuwa na namna yake ya kumtazama mgeni. Chini ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998, mkimbizi alitakiwa akae katika eneo alilopangiwa, na mpaka wa kilomita 4 kutoka kambini ukawa ndio ukuta wake. Kuuvuka bila kibali lilikuwa kosa. Methali ikapinduliwa: mgeni alipewa chakula miaka kwa miaka, jembe akanyimwa. Haifai kuwalaumu wenyeji wa Kasulu na Kibondo kana kwamba hawakutoa. Walitoa ardhi, kuni na maji, tena walitoa wao walio maskini. Wala nchi haikuwa na moyo mmoja, kwani mwaka 2014 ilitangaza kuwapa uraia zaidi ya Warundi 160,000 waliokimbia mwaka 1972 na familia zao. Lakini tofauti ni wazi. Mpiga gitaa wa Kikongo aliyefika mwaka 1978 kwa mwito wa mjomba aliweza kuwa jina la kituo cha daladala. Aliyefika mwaka 1996 kwa mtumbwi, hata angekuwa na vidole vilevile, alihesabiwa kwa namba, kama manamba wa Tanga alivyohesabiwa zamani. Wangapi wenye kipaji walibaki nyuma ya kilomita 4, hakuna santuri itakayotuambia.

Baadhi yao walitoka kwa njia nyingine. Wakongo wengi wa Nyarugusu wamehamishiwa Marekani, na huko, katika makanisa ya Wamarekani weusi yajulikanayo kama House of God, gitaa la chuma la kulazwa limekuwa likiongoza ibada tangu miaka ya 1930. Kijana wa Nyarugusu aliyejifunzia gitaa la ridhimu kwa waya wa breki aweza kukuta mlangoni pa kanisa kama hilo chombo kilichoanza safari yake Oahu. Atakisikia kikipanda kama pumzi, kikilegea, kikilia, naye atakijua, maana mlimani alikotoka ubao wenye nyuzi hulazwa na kunong'onezwa. Bado haijulikani kati yao nani atakuwa mgeni na nani mwenyeji. Atakayekuwa mwenyeji na amwachie mwenzake nafasi katika wimbo, mapema, bila kungoja siku ya tatu.