Merikani ya bibi wala haikutoka Marekani

Wadau, ukitaja Japani leo mtu anawaza Noah na anime. Kumbe Musoma ilianza kuivaa Japani kabla ya kuipanda.

Miaka ya 1930, kitambaa cha bei poa madukani kiliitwa merikani. Jina tu hilo, lilibaki tangu karne ya 19, zama za meli za Marekani. Mzigo mkubwa sasa ulitoka Japani. Kampuni ya meli ya Osaka Shosen ilianza safari za kudumu za Afrika Mashariki mwaka 1926. Mwaka 1934, mwaka ambao mtoto fulani wa chifu wa Butiama (mnamjua, hatumtaji) alianza shule ya Mwisenge, Uingereza ilizibana nguo za Kijapani kwenye makoloni yake mengi. Tanganyika ikashindikana, maana mikataba ya Bonde la Kongo, iliyoanzia Berlin 1885, ilikataza kubagua bidhaa za taifa lolote.

Sasa, bei ilikuwaje chini hivyo? Mashine nzuri, yeni iliyoshuka thamani, halafu wadada. Wafanyakazi wengi wa viwanda vya nyuzi Japani walikuwa mabinti wa vijijini. Ajenti anampa baba hela ya awali, binti analilipa deni kwa jasho lake. Analala bwenini ndani ya uzio wa kiwanda. Wengi walirudi kwao na kifua kikuu. Zamu za usiku kwa wanawake zilikuja kukoma 1929. Majina yao hayakuandikwa kwenye kitambaa chochote.

Na pamba? Japani ilinunua pia ya Afrika Mashariki, hasa ya Uganda. Yaani mkulima wa huku ziwani na binti wa Osaka walishika uzi mmoja bila kujuana.

Hapa ndipo njia zilipoachana. Kiwanda cha mashine za kufumia cha familia ya Toyoda, kilichoanzishwa 1926, kilifungua kitengo cha magari 1933. Ndiyo Toyota hiyo, Noah yako imetokana na vitambaa! Musoma nayo ikaja kupata kiwanda chake cha nguo, Mutex, kisha kikasimama. Bunda bado wanalima pamba, na nyingi ya Tanzania inauzwa nje ikiwa nyuzi ghafi.

Kwa hiyo ukimwona bibi wa Bunda shambani, usimwonee huruma tu. Uliza kwa nini jasho la wale wadada lilizaa magari, na la kwake bado linasafiri kwenye marobota.