Kabla ya medali kulikuwa na mchakamchaka: mbio zangu za Nachingwea na Ruangwa

Aisee, naanza na swali. Mara yako ya kwanza kukimbia na kundi la watu, wote mnaelekea upande mmoja, ilikuwa lini? Ukinijibu ni ile marathoni ya juzi Dar, uliyoposti picha umeing'ata medali, nitakucheka. Kama umesoma shule ya msingi ya serikali nchi hii, jibu ni mchakamchaka. Asubuhi na mapema, umande miguuni, mwalimu wa zamu nyuma na fimbo yake, kiranja mbele anaanzisha wimbo na nyie mnaitikia huku mnakanyaga vumbi. Hakuna aliyelipa kiingilio, hakuna aliyepewa tisheti, na aliyechelewa alijua kitakachompata.

Mimi mchakamchaka wangu niliupigia Nachingwea, mkoani Lindi. Nikamaliza shule, nikaenda Dar, nikaacha kukimbia kabisa. Miaka kumi na kitu nilikuwa nakimbilia daladala tu.

Kilichonirudisha barabarani ni mashine ya kupimia presha. Nilikuwa na miaka 31, nimekwenda kutibiwa mafua. Nesi akapima, akaiangalia mashine, akaniangalia mimi, akapima tena. Baba yangu aliondoka na kiharusi akiwa na miaka 52, kwa hiyo sikuhitaji kuelezwa sana. Jumamosi iliyofuata nikajiunga na klabu ya joging mtaani kwetu Mbagala, na siku ya kwanza tu nikashangaa: watu wazima na vitambi vyao, wanakimbia kwa mistari, mmoja mbele anaimba, wengine wanaitikia na kupiga makofi. Nikasema nyie, huu si mchakamchaka huu? Wameubadilishia jina tu na kuununulia raba.

Nimeshakimbia mbio za wikiendi za kutosha sasa. Zamani ukisema marathoni Tanzania watu walijua ni Kilimanjaro Marathon, ile ya Moshi iliyoanza 2003. Mwanza wakaja na Rock City mwaka 2009. Halafu kuanzia 2020, benki zilipoingia na CRDB Dar na NBC Dodoma, mambo yakafunguka. Leo benki ina mbio zake, mbunge ana zake, chuo kina zake, hata zao la korosho lina marathoni yake kule Mtwara. Kilomita tano nazo tunaziita marathoni. Wadau, marathoni ni kilomita 42 na mita 195, hizo nyingine ni mbio tu. Mimi mwenyewe ni wa kilomita 10, na nikijisikia jeuri, 21. Ile ya 42 namwachia Mungu na wanajeshi.

Na nikisema wanajeshi sitanii. Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch tarehe 2 Februari 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akiongoza mwanzo mwisho, alikuwa mwanajeshi. Juma Ikangaa, aliyeshinda New York mwaka 1989, mwanajeshi. Alphonce Simbu, aliyetutoa machozi Tokyo Septemba 2025, mwanajeshi pia. Ile ya Simbu niliiangalia kwenye simu nikiwa kitandani. Kilomita 42 zote, halafu yeye na Mjerumani wanaingia na muda uleule, saa 2:09:48, mpaka picha ya mstarini ndiyo iamue. Nilipiga kelele jirani akagonga ukuta.

Lakini angalia wanakotoka. Bayi wa Karatu. John Stephen Akhwari, yule aliyeumia goti Mexico mwaka 1968 na bado akaingia uwanjani amefungwa bandeji watu wengi wakiwa wameshaondoka, wa Mbulu. Ikangaa wa Dodoma. Simbu wa Singida. Ukitaja riadha ya Tanzania ramani inainuka kwenda kaskazini na kati, na huku kusini tunabaki kutajwa kwenye korosho. Nilipopata likizo nikasema safari hii nakwenda kukimbia kwetu. Nitakaa kwa bibi Nachingwea wiki tatu nikifanya mazoezi, halafu nimalizie na mbio za wikiendi Ruangwa, wilaya ya jirani.

Asubuhi ya kwanza nimetoka na kaptula ya mazoezi, bibi kakaa barazani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mke mwenzangu. Unakwenda wapi uchi?"

Nikarudi ndani nikafunga kitenge juu ya kaptula, nikakivulia mbele ya safari, nikakificha kwenye mkorosho. Ndivyo nilivyokimbia wiki nzima.

Kukimbia peke yako Nachingwea kuna mambo yake. Dar ukikimbia hakuna anayekuuliza, watajua unapunguza mwili. Kule mtu anasimamisha baiskeli: "Dada, kuna msiba?" Nikisema hapana, nafanya mazoezi, anasikitika kidogo kisha ananitakia kheri. Siku ya tatu nikampata mzee mmoja anayepalilia shamba pembezoni. Nilipita mara mbili, ya tatu akaniita. Akaniambia kama nataka kukimbia bila kuumia, niache ile njia ya milima nipite juu ya tuta lile pale. "Hapo ilipita treni, na treni haipendi mlima."

Daah. Mimi nimesoma Nachingwea miaka saba na hakuna aliyeniambia tulikuwa na reli!

Hadithi yenyewe ni hii. Vita vya Pili vya Dunia vimeisha, Uingereza mafuta ya kula ni ya mgao. Serikali yao ikaja na wazo la kulima karanga Afrika Mashariki, sehemu kubwa Tanganyika, ekari zaidi ya milioni tatu, kwa pauni milioni 25. Kazi ikaanza 1947 Kongwa, ikafuata Urambo na huku kwetu. Matrekta hayatoshi, wakachukua vifaru vya vita wakavigeuza matrekta. Kwa upande wa kusini hapakuwa na njia ya kusafirisha mzigo, kwa hiyo wakajenga reli kutoka Mkwaya, karibu na Lindi, mpaka Nachingwea, na baadaye bandari ya kina kirefu Mtwara. Yaani reli na bandari kwa ajili ya karanga ambazo hazijaota.

Na hazikuota kwa kiasi hicho. Ardhi ngumu, mvua haieleweki, mahesabu yamefanywa na watu wenye haraka. Januari 1951 serikali ya London ikakubali yaishe, pauni kama milioni 36 zimeyeyuka. Reli ikajikongoja kwa miaka mingine kidogo, mwanzoni mwa miaka ya 60 ikafungwa, vyuma vikang'olewa. Lililobaki ni tuta la yule mzee, na kiukweli alisema kweli. Miguu inajua. Unapiga kilomita sita pumzi ipo, mteremko wake mpole, unajisikia kama Simbu. Wenyewe walipasua nchi kwa ajili ya karanga, mimi natumia kushusha presha.

Jioni nikamsimulia bibi kuhusu tuta. Ya treni hakuyajali, aliyaona akiwa mtoto na kwake ni moshi na kelele tu. Akaniuliza kitu kingine: kama huko nilikopita nilifika upande wa Farm 17.

Farm 17 lilikuwa moja ya yale mashamba ya karanga. Wazungu walipoondoka, Tanzania huru ikawapa nafasi Frelimo, wapigania uhuru wa Msumbiji, chama kilichoundwa Dar es Salaam Juni 1962. Kuanzia katikati ya miaka ya 60 Nachingwea ikawa kambi yao kuu ya mafunzo. Samora Machel alifundisha askari hapo kabla hajawa rais wa mtu yeyote. Na mwaka 1967 waliingia wasichana. Kundi la kwanza la mabinti wa Kimsumbiji waliopewa mafunzo ya kijeshi lilifundishwa hapa, Josina Muthemba akiwemo, ambaye baadaye aliolewa na Samora na akafariki Dar mwaka 1971 akiwa bado kijana. Tarehe aliyofariki, 7 Aprili, ndiyo Siku ya Wanawake wa Msumbiji mpaka leo.

Hapa nataka mtulie kidogo. Aprili mwaka huohuo wa 1967, kule Boston, Marekani, Kathrine Switzer alikuwa anakimbia marathoni na namba 261 kifuani, na mmoja wa wasimamizi akamrukia katikati ya barabara amng'oe namba kwa sababu ni mwanamke. Ile picha mmeiona wote, kila Machi inazunguka mitandaoni. Olimpiki ilikaa mpaka 1984 ndipo wanawake wakaruhusiwa kukimbia marathoni. Sasa mwaka ambao mwanamke anavutwa Boston, Nachingwea kulikuwa na mabinti wanakimbia na bunduki. Maana mafunzo ya jeshi bila kukimbia hayapo, muulize yeyote aliyepita JKT. Picha yao haizunguki.

Bibi aliwaona. Alikuwa na miaka 17. Anasema walipita kwenye lori wamevaa suruali, wanaimba, mmoja akampungia mkono. Kesho yake akamwambia baba yake na yeye anataka kwenda huko. Hakujua ni nchi gani wanapigania, alitaka ile suruali na ile kuimba juu ya lori.

"Akafanyaje?"

"Akaniozesha."

Akalisema hivyohivyo, anapepeta mchele, wala hakuinua macho. Mume mwenyewe ndiye babu yangu, na waliishi vizuri, hilo naye alisisitiza. Lakini kesho yake asubuhi nilipotoka na kitenge changu cha unafiki, akaniambia, "Kiache humu ndani. Utakipoteza huko kwenye mikorosho."

Kumbe alijua siku zote.

Sasa Ruangwa. Ukitaja Ruangwa kwa watu wa mpira watakuambia Namungo, timu iliyopanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20 na msimu huohuo ikafika fainali ya Kombe la FA, ikafungwa na Simba 2-1 Sumbawanga, kisha mwaka uliofuata ikaingia makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Uwanja wao unaitwa Majaliwa, kwa jina la Kassim Majaliwa, aliyekuwa mbunge wa hapo, na Waziri Mkuu kuanzia 2015 hadi 2025. Mji umechangamka kuliko ninavyoukumbuka. Nilipokuwa mdogo kwenda Ruangwa ilikuwa ni kurudi mwekundu kwa vumbi mpaka kope.

Nilijiandikisha kilomita 21. Tulipangwa mstarini saa 12 asubuhi, kigiza bado. Walimu, manesi, maofisa wa halmashauri, vijana wa bodaboda, na sisi wageni wenye saa za mkononi zinazotuambia mapigo ya moyo. Nilianza kwa fujo kama kawaida yangu. Kufika kilomita ya nane jua limetoka na lile joto la kusini likanikumbusha kwamba hii si Coco Beach.

Ndipo wakaja watoto. Kila mbio za mikoani wapo, lakini hawa walikuwa wamejipanga, kama sita, kandambili mkononi, miguu mitupu. Wakaingia barabarani pembeni yangu, hawana namba, hawajalipa chochote. Mmoja, wa darasa la sita hivi, akabaki na mimi wenzake walipochoka. Nikiongeza mwendo anaongeza, nikitembea ananisubiri. Anapiga stori! Mimi sina hata pumzi ya kumjibu. Kilomita tano nzima, mpaka kwenye kituo cha maji, na mhudumu akampita, kwa sababu maji ni ya wenye namba.

Hilo lilinikaa vibaya, nalikumbuka mpaka sasa. Si kosa la yule mhudumu, aliambiwa hivyo. Ila mchakamchaka haukuwa na namba. Tukisema tunatafuta kina Simbu wengine, wanatafutwa wapi kama kiingilio ni hela ya chakula cha wiki na mtoto mwenyewe yupo hapa anakimbia na kandambili mkononi? Nilimpa chupa yangu, tukanywa kwa zamu. Mbele kidogo akaniambia anarudi, mama yake anamsubiri akapalilie ufuta. Akageuka, akaondoka kwa kasi ambayo hajawahi kunionyesha muda wote ule. Kumbe alikuwa ananistahi.

Kuanzia hapo nilikata moto. Kilomita ya 17 nilitembea, ya 18 nikatembea, ya 19 nikakumbuka namba za ile mashine ya presha nikaanza tena kujikongoja. Nikamaliza kwa saa mbili na dakika 51. Presha yangu ya wiki ile, kwa wanaotaka kujua, ilikuwa 128 kwa 82.

Jioni nikarudi Nachingwea, nikamvisha bibi medali shingoni. Akaipindua, akaigonga na ukucha kusikia kama ni chuma.

"Umekuwa wa ngapi?"

"Wa mia moja na kumi na nne, bibi."

"Na mlikuwa wangapi?"

"Mia na hamsini hivi."

Akafikiri kidogo. Jirani alipopita kusalimia nikamsikia anamwambia mjukuu wake amekuwa wa tatu, na medali hakuivua mpaka alipokwenda kulala.