Kifumbatametali, si Kifungametali

Kuna orodha ya istilahi za biolojia inayozunguka siku hizi mikononi mwa wahariri, na humo ile protini iitwayo metalothioneini imepewa jina la "kifungametali". Jina hilo silikubali. Nalikataa kwa sababu za sarufi na za kemia, na sifichi kwamba limeniuma pia: pendekezo langu liliwafikia mapema wajumbe walioiandaa orodha hiyo, wala halikujibiwa hata kwa mstari mmoja.

Protini yenyewe ilipatikana mwaka 1957, Margoshes na Vallee walipoitoa katika figo za farasi ikiwa imeshika kadimi. Mwaka 1960 Kägi na Vallee wakaipa jina la Kigiriki, kutoka metallon na theion. Theion ni kiberiti kwa maana yake ya kale, yaani salfa, kabla njiti za kuwashia moto hazijalichukua neno. Metallon asili yake ni machimbo. Na madini yetu, tuliyoyapokea kwa Waarabu, nayo yalianzia machimboni. Maneno mawili ya lugha mbalimbali yalishika njia moja. Lakini madini kwetu leo ni pamoja na chumvi na chokaa, ndiyo maana nashikilia metali. Wanaoandika "madini nzito" wamekosea maana, wakakosea na upatanisho.

Sasa kitenzi. Hufungwa mlango, hufungwa mtu gerezani, na aliyefungwa hatoki mpaka aje mwingine amfungue. Metalothioneini haiko hivyo. Kwa mamalia, mnyororo wake una asidi amino sitini na kitu, na 20 kati yake ni sisteini, kila moja na salfa yake. Salfa hizo kwa pamoja hushika ayoni saba za zinki. Kadimi ikiingia, salfa huiachia zinki na kuishika kadimi, kwa kuwa huipenda zaidi; zinki iliyoachiwa huchochea jeni, na seli ikaunda protini nyingine zaidi. Humo mna kushika, kuachia na kubadilishana. Kazi hiyo ni ya kiganja kilichofumbata, ambacho hujifumbua chenyewe.

Na fumbata si neno la kuokoteza. Ni kauli ya kutendata, hazina ya Kibantu ambayo waunda istilahi wetu wameipa kisogo: fumba ikazaa fumbata, paka ikazaa pakata, kama ikazaa kamata. Waorma, wafugaji wa Garsen huku Tana River, wanapokama ng'ombe alfajiri, vidole hubana na kulegea. Anayekamata amebana na bado hajaachia. Kiambishi -at- ndicho kilicholeta huko kugusana kunakodumu. Kiingereza hakina kiambishi kama hicho, ndiyo maana anayetafsiri neno kwa neno hakioni. Kisha umbo: tunasema kipimajoto na kinasasauti, kitenzi na yambwa yake, basi tutasema kifumbatametali, wingi vifumbatametali. Wapo pia waliopendekeza "protini kinga". Hao wamesahau kwamba kingamwili ipo tayari, na kazi yake ni nyingine kabisa.

Matumizi ni mepesi: "Vifumbatametali vya chaza vimeongezeka, huenda maji yana metali nzito."

Nimeambiwa kwamba neno hili halina wa kulitumia huku Tana River. Hilo nalipinga kwa nguvu zote. Delta ya Tana, iliyoingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu mwaka 2012, ni nchi ya mpunga, na mpunga huvuta kadimi zaidi shamba linapokaushwa, kwa sababu udongo ukipata hewa huiachia kadimi uliyokuwa umeishika. Mmea una vifumbatametali vyake, na mla wali ana vyake katika ini na figo. Lakini havitoshi kila mara. Kadimi huweza kukaa katika figo la mtu miaka zaidi ya kumi, na ikizidi hulidhuru. Mkulima wa Garsen anastahili kuelezwa hayo kwa lugha anayoifahamu, si kwa jina linalomfanya adhani sumu imekwisha kutiwa kufuli.

Maafisa wa kilimo na watangazaji wa redio za Pwani, msiwangojee wajumbe. Semeni kifumbatametali.