Chema chajiuza? Texas na mbio za kuwania nafasi ya kwanza kwenye intaneti

Saa moja usiku, Jumatano ya tarehe 9 Februari mwaka 2011, kwa saa za mashariki ya Marekani, mtu aliyetafuta begi la safari la Samsonite kupitia Google alioneshwa kwanza kabisa tovuti ya maduka ya JCPenney, kampuni yenye makao yake makuu mjini Plano, kaskazini ya Dallas, katika jimbo la Texas.

Ilipotimu saa tatu usiku huo huo, JCPenney ilikuwa imeporomoka hadi nafasi ya 71.

Hakuna duka lililoteketea wala bidhaa iliyopanda bei katika saa hizo mbili. Kilichotokea ni kwamba Google ilikuwa imeanza kuiadhibu tovuti ambayo, kwa mujibu wa kanuni zake, ilipanda juu kwa ushahidi wa kununuliwa.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Historia ya utafutaji wa habari kwenye intaneti, ambayo miji ya Texas imekuwa na sehemu yake, inaonesha kwamba methali hiyo ina ukweli, lakini chema nacho hakijiuzi bila jasho.

Houston na AltaVista

Kabla ya Google, mmoja kati ya mitambo mikubwa ya kutafutia habari duniani ulikuwa AltaVista. Ulizinduliwa tarehe 15 Disemba mwaka 1995 na watafiti wa kampuni ya Digital Equipment huko Palo Alto, California.

Mwaka 1998 Digital ilinunuliwa na Compaq, kampuni ya kompyuta iliyoanzishwa mjini Houston mwaka 1982. Ununuzi huo uligharimu dola bilioni 9.6, na AltaVista ikaja pamoja na mali nyingine za Digital. Compaq ililipa zaidi ya dola milioni 3 nyingine ili kulimiliki jina la altavista.com, lililokuwa limesajiliwa na kampuni tofauti.

Hata hivyo, mtambo huo ulikuwa na udhaifu. Uliupima ukurasa zaidi kwa maneno yaliyomo ndani yake. Mwenye tovuti aliyetaka kuonekana alirudia neno moja mara mamia, pengine kwa herufi nyeupe juu ya ukurasa mweupe, ili mtambo uyasome maneno hayo na mwanadamu asiyaone.

Wakati huo huo, wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Larry Page na Sergey Brin, walikuja na wazo jingine, na mwaka 1998 wakaanzisha Google. Wao walivitazama viungo, yaani maneno ambayo msomaji akiyabonyeza hupelekwa kwenye ukurasa mwingine. Kila kiungo walikihesabu kuwa ushahidi, na ushahidi wa tovuti inayoheshimika ukawa na uzito zaidi.

Ni sawa na mgeni anayeingia mjini akimtafuta fundi. Hasikilizi fundi anavyojisifu. Huuliza majirani wanamsema vipi.

Mwaka 1999 Compaq iliuza sehemu kubwa ya hisa zake za AltaVista kwa dola bilioni 2.3. Mtambo huo ulipita mikono kadhaa hadi ukaishia kwa Yahoo, na ukafungwa tarehe 8 Julai mwaka 2013.

Kanuni ya dhahabu

Lakini majirani nao huweza kuhongwa.

James Cash Penney alifungua duka lake la kwanza mwaka 1902 katika mji mdogo wa Kemmerer, jimboni Wyoming. Duka hilo liliitwa Kanuni ya Dhahabu, kwa maana ya kuwatendea wengine kama unavyopenda wakutendee. Kampuni iliyotokana na duka hilo ilihamia eneo la Dallas kutoka New York mwishoni mwa miaka ya 1980.

Katika msimu wa sikukuu za mwisho wa mwaka 2010, tovuti ya JCPenney iliongoza kwenye Google kwa maneno mengi mno: magauni, matandiko, mazulia, samani. Katika utafutaji wa mabegi ya Samsonite iliipita hata tovuti ya Samsonite yenyewe.

Gazeti la The New York Times lilitia shaka na kumwomba mtaalamu achunguze. Mtaalamu huyo alikuta zaidi ya kurasa 2,000 zenye viungo vya kuelekea JCPenney kwa maneno yanayohusu magauni. Nyingi zilikuwa kwenye tovuti zisizohusiana kabisa na mavazi: tovuti za mbwa, uvuvi, madaktari wa meno, hata tovuti inayozungumzia kukoroma.

Kununua viungo si kosa la jinai, bali ni uvunjaji wa kanuni za Google. JCPenney ilikanusha kuhusika wala kuidhinisha viungo hivyo, na ikaachana na kampuni iliyokuwa ikiishauri kuhusu utafutaji.

Kwa maneno 59 yaliyofuatiliwa na gazeti hilo, wastani wa nafasi ya JCPenney ulikuwa 1.3 tarehe mosi Februari. Tarehe 10 Februari ulikuwa 52. Adhabu hiyo iliendelea kwa takriban miezi mitatu.

Kofia nyeupe, kofia nyeusi

Wenye taaluma hii huwagawa wenzao kwa rangi ya kofia, kama katika filamu za zamani za wachunga ng'ombe wa Marekani, ambamo shujaa huvaa kofia nyeupe na jambazi nyeusi.

Kazi ya kofia nyeupe haina miujiza. Ni kuandika ukurasa unaojibu swali ambalo watu wanauliza kweli, kuupa kichwa kinachosema kilichomo, kuhakikisha unafunguka upesi hata kwenye simu, kusahihisha anuani na saa za kazi, na kuongeza kilicho kipya mwezi baada ya mwezi. Viungo huja vyenyewe kwa wanaoona faida ya kilichoandikwa. Mwaka 2017 Google ilieleza kwamba kazi ya aina hiyo mara nyingi huhitaji miezi 4 hadi mwaka mmoja kabla ya kuonesha matunda.

Jambo hili lina uzito zaidi kwa mnyonge. Kwa mujibu wa waraka ulionukuliwa na The New York Times, JCPenney ilikuwa ikitumia dola milioni 2.46 kwa mwezi kwa matangazo ya kulipia kwenye Google. Msusi wa Kikongo mjini Fort Worth au mpishi wa Kitanzania mjini Houston hana fedha hizo. Nafasi isiyolipiwa ndiyo baraza lake pekee, na kila anayeinunua kwa siri humsukuma yeye chini.

Nani amchunge mchungaji?

Baada ya mkasa huo Google ilikaza kamba. Mwezi huo huo wa Februari 2011 ilianza kuzishusha tovuti zenye maandishi hafifu, na Aprili mwaka 2012 ikavigeukia viungo vya hila.

Hata hivyo, Januari mwaka 2012 mlinzi mwenyewe alijikuta kizimbani mbele ya umma. Mocality ya Nairobi ilikuwa imejenga orodha ya biashara za Kenya kwa kuwalipa wananchi waliozikusanya. Ilitoa ushahidi kwamba watu waliofanya kazi kwa niaba ya Google waliichota orodha hiyo na kuwapigia simu wateja wake. Google iliomba radhi hadharani.

Agosti mwaka 2024, jaji wa shirikisho mjini Washington aliamua kwamba Google ilikiuka sheria kwa kulinda ukiritimba wake katika utafutaji. Mlango bado una bawabu mmoja mwenye nguvu nyingi, na kanuni zake hubadilika pasipo wenye tovuti kuulizwa.

Ndiyo maana anayejenga polepole hujenga kwanza kwa ajili ya mteja, si kwa ajili ya bawabu. Bawabu akibadilika, mteja aliyeridhika bado anaijua njia ya dukani.